Dada analipia paka bima huko Uingereza, mie nimecheka wee mpaka ng'ombe wangu akalala

Zizi_la_Dole (mwenye uzi)

Assalam aleikum. Uzi mrefu huu, mwenye haraka zake apite tu, hatugombani.

Kisa chenyewe hichi. Dada yangu yuko Uingereza mwaka wa kumi na tatu sasa, kule ana paka. Dume, rangi ya tangawizi, ukimuona utasema katoka soko la Darajani hapa Unguja chini ya meza za samaki, ila huyu analala kwenye kochi na ana bima ya matibabu. Bima wallahi. Siku ya kwanza aliponambia nikadhani ananifanyia mzaha, maana mie hapa Vespa yangu naikatia ile bima ndogo kwa kumuogopa trafiki tu, asingekuwepo trafiki na bima isingekuwepo.

Sasa wiki iliopita katuma vois kwenye grupu la familia sauti imekauka. Bima ya paka imepanda. Alikuwa analipa kama pauni 16 kwa mwezi, miaka sita, barua mpya inasema 31. Anatuuliza aendelee au aache. Grupu zima tukacheka, ami akajibu "muachie njia aende zake, nikija ntakuletea mwengine kutoka Malindi hapa mjini". Dada kanuna, kaondoka kwenye grupu.

Hiyo Jumanne. Ijumaa alfajiri natoka msikitini napita zizini kama kawaida yangu, ng'ombe wangu Shani, kazaa Jumatano usiku mzao wake wa tatu, nimemkuta kalala. Si kulala kwa kucheua. Shingo kaipinda kailaza ubavuni kama mtu anaejinusa kwapa, masikio nimeyashika ni ya baridi kama samaki wa kwenye barafu, pua kavu, mavi hamna tokea usiku. Ndama anamsukuma kiwele yeye hana habari. Nimempiga kofi la mgongo nikaita jina lake, kanitizama tu jicho limelegea. Mie mtu mzima nilikaa chini kwenye mavi nikashika kichwa. Shani mie nimemnunua milioni mbili na nusu, nusu ni pesa zangu nusu ni deni la shemegi, na maziwa yake ndo skuli ya watoto.

Bwana mifugo kaja na Vespa saa moja na robo. Hakuuliza mengi, kamshika sikio, kamfungua jicho, akasema homa ya maziwa hii, chokaa ya mwilini yote imekimbilia kwenye maziwa. Katoa chupa kaitia kwenye ndoo ya maji moto ipate uvuguvugu, kamtafuta mshipa wa shingo, akaitia ile dawa taratibu huku kaweka sikio kwenye kifua cha ng'ombe anasikiliza moyo, kanambia ukiikimbiza inamuua hapahapa. Chupa haijafika mwisho Shani kaanza kutetemeka nyama za mapaja, kacheua kwa sauti kubwa ile ya kishindo, kaangusha mavi, na baada ya kama nusu saa kainua matako, kasimama, kaanza kumlamba ndama. Bili elfu 70 pamoja na mafuta ya Vespa.

Usiku nimempigia dada nimuombe radhi. Sasa naomba na nyinyi mnisaidie, dada nimwambie nini na bima yake, na mie huyu Shani nimkatie bima au niweke kibubu? Nasikia siku hizi bima za mifugo zipo.

---

kachumbari_ya_embe

Pole yakhe. Ila ami yako kaniua 😂😂 "kutoka Malindi"

---

Mwana_wa_Mlandege

Mtalii akishuka uwanjani tokea Oktoba 2024 lazima awe na bima ya dola 44, sie wenyeji tunasuasua, sasa zamu ya paka. Nchi imekwenda mbele.

---

BintiMkamasini

Mimi simcheki dada ako hata kidogo. Wenzetu kule daktari wa wanyama si mtu wa serikali, kila kitu unalipa, na bei zake ukizisikia unakaa chini. Rafiki yangu paka wake kavunjika mguu kaambiwa zaidi ya pauni elfu mbili. Elfu mbili! Hapa paka akivunjika mguu anatembea na mitatu, maisha yanaendelea, wapo kibao Mji Mkongwe wa miguu mitatu na wananenepa kwa vibua. Muulize kwanza dada ako, huyo paka kashaumwa au hajaumwa? Maana bima haipandi mara mbili hivihivi.

---

Zizi_la_Dole

@BintiMkamasini kaumwa bibie, umepatia. Mwaka jana aliziba mkojo. Anakwenda kwenye boksi lake la mchanga anachuchumaa, halitoki tone, analia. Kampeleka usiku, kawekewa mpira, kalazwa siku tatu. Bili ilikuja pauni 2,100. Kwa hesabu yetu hiyo ni zaidi ya milioni sita, Wallahi, kwa mkojo wa paka. Bima ililipa nyingi lakini si zote, yeye kalipa kama 500. Anavonambia kuna kiasi cha mwanzo unabeba mwenyewe, 99, halafu kwenye kinachobaki paka akishakuwa mtu mzima unabeba tena asilimia 20.

---

Mkatabima_Mstaafu

Kijana nimekaa kwenye bima miaka 22, bima za magari na majengo na baadae kidogo mifugo, sasa nalima mihogo Kitope na akili yangu imetulia. Ngoja tupige hesabu ya dada ako kwanza maana watu wanabishana kwa hisia.

Pauni 16 mara miezi 12 mara miaka sita, hiyo ni 1,152. Bili 2,100 ukitoa 99 inabaki 2,001, asilimia 20 yake ni kama 400, kwa hio mfukoni kwake katoa 499 na bima ikatoa 1,601. Jumlisha alizolipa miaka yote na hizo 499 unapata 1,651. Angekuwa hana bima angelipa 2,100. Kapata faida ya pauni 449 kwa miaka sita, na faida hiyo ni kwa sababu paka kaziba mkojo, asingeziba angekuwa kapoteza 1,152 zote. Sisi tuliokuwa ndani tunajua, wengi wao hawapati hata hio, ndo maana kampuni ina jengo la vioo na wewe una paka.

Sasa msikilize hapa ndo pana mambo. Bima za wanyama kule hazifanani. Iko inayolipa ajali tu, gari likimgonga, maradhi haiyajui. Iko inayolipa kila ugonjwa kwa miezi 12 halafu ugonjwa huo unafungwa, haulipwi tena maisha. Iko inayokupa fungu la pesa kwa kila ugonjwa, likisha limekwisha. Na iko ile ya ghali, kila mwaka ukilipa fungu linaanza upya hata kwa ugonjwa ule ule. Watu wengi wananunua ile ya rahisi hawasomi, wanakuja kujua siku ya msiba. Muulize dada ako ya kwake ni ipi. Kama ni ya miezi 12, basi huo mkojo ushatoka kwenye bima, na mkojo wa paka dume ukiziba mara moja una tabia ya kurudi.

Na akitaka kuhama kampuni, hiyo mpya itamuuliza paka kashaumwa nini, na itaandika wazi: mkojo hatumo. Huo unaitwa ugonjwa uliokuwepo kabla. Hakuna kampuni itakayoupokea kwa moyo mkunjufu. Kwa hio yeye sasa kama mtu alieolewa kwa mahari ndogo, kutoka tabu, kukaa tabu.

---

kachumbari_ya_embe

Mzee umeiweka mpaka na mahari 😂 shikamoo

---

Ustadhi_Kwahani

Ndugu zangu msinielewe vibaya lakini hamna hata mmoja aliyeuliza la msingi. Bima hii ya kawaida wanavyuoni wengi wanaikataa kwa sababu ya gharar, unatoa pesa hujui utapata nini, aidha upoteze aidha upate zaidi ya ulichotoa, ndo kamari yenyewe. Kuna takaful, watu wanachangiana kwa nia ya kusaidiana, na pesa ni mchango si bei. Aangalie hilo kwanza kabla ya hizo asilimia.

---

Mwana_wa_Mlandege

Ustadhi na takaful ya paka iko wapi London?

---

Ustadhi_Kwahani

Sijasema ipo. Nimesema aangalie. Na msicheze na paka, mwanamke aliingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia hakumlisha wala hakumuachia ale wadudu wa ardhini. Haki ya mnyama ulomfunga ndani ni kubwa kuliko wa barabarani. Huyo dada kamfungia ndani ya fleti, kumtibu ni juu yake, bima iwepo isiwepo.

---

BintiMkamasini

Hapo Ustadhi nakupa maua yako 👏 wa barabarani anajitafutia, wa ndani wewe ndo Darajani yake.

---

Mama_Maziwa_Fuoni

Mie nakuja kwenye ng'ombe maana haya ya paka wa Ulaya hayanihusu. Mwenye uzi usikate bima bila kusoma, nakwambia mtu nilieungua.

Mie ng'ombe nilikopeshwa, mkopo ulikuja na bima yake ndani, hata sikuulizwa, nimesaini karatasi nane kwa dakika tano. Sisemi nani alonikopesha sitaki kesi. Kila mwezi wanakata. Mwaka wa pili ng'ombe kaanza kukonda, anakula hashibi, tumbo limejaa upande mmoja, kwisha kazi kafa usiku wa Jumamosi. Jumapili asubuhi jua linapanda, nyumba zimebanana, watoto wamejaa, sheha kaja kasema mzikeni hii ni maradhi kwa watu. Tukamchana kwanza kijana mmoja wa machinjioni akatusaidia, tumboni mna mifuko ya plastiki imejisokota kama kamba ya nanga, na hii mifuko tunaambiwa imepigwa marufuku toka 2006! Tukazika.

Jumatatu nimekwenda kudai. Hereni ya sikioni, ile ya namba, iko wapi? Nimezika nayo. Ripoti ya daktari wa mifugo alomuona maiti iko wapi? Hakuja daktari, Jumapili. Picha? Simu yangu ya tochi. Ulitoa taarifa ndani ya saa 24? Simu yenu haipokelewi Jumapili. Basi mama, pole. Deni nimemalizia mie miezi kumi na moja, nalipia ng'ombe ambae yuko chini ya mgomba.

---

Zizi_la_Dole

Subhanallah. Pole sana mama.

---

Mkatabima_Mstaafu

Mama pole. Kwa bahati mbaya kwa mujibu wa karatasi wako sawa, na kwa mujibu wa ubinadamu hawako sawa, mie nimekaa upande ule wa meza nimewaambia watu maneno hayo hayo na sikulala vizuri. Wanaofanya hivyo wanaogopa mtu anamuuza ng'ombe kimyakimya halafu anadai kafa. Kwa hio hereni ndo kila kitu. Ng'ombe akifa kabla hujalia piga simu, ujumbe uandike hata kama hawapokei ili saa ibaki, mkate sikio pamoja na hereni uliweke, mpige picha mwili wote na kichwa, muite bwana mifugo aandike hata kama ni saa nane usiku umlipe.

Na jambo jingine ambalo mwenye uzi nadhani hajalijua: bima ya ng'ombe si kama ya paka wa dada yako. Ya paka inalipa matibabu. Ya ng'ombe inalipa kifo. Ile chupa ya Ijumaa elfu 70 usingepata hata senti. Ungepata kama Shani angekufa, na wangekuuliza pia kama ulimpigia daktari mapema, ukichelewa wanasema uzembe. Ada mara nyingi ni kati ya asilimia 3 na 7 ya thamani ya ng'ombe kwa mwaka. Wa milioni mbili na nusu kwa asilimia 5 ni laki na ishirini na tano kila mwaka, afe asife.

---

Zizi_la_Dole

Kumbe! Mie nilidhani wanamtibu. Sasa hapo bima ya ng'ombe inataka afe na mie nataka apone, hatuelewani.

---

yakhe_wa_Kojani

Nyiye wa Unguja mna raha kwelikweli. Mwagombana bima, siye huku kijijini kwetu bwana mifugo ndo ukimpata leo umpate, ana shehia sijui ngapi na Vespa moja na mafuta yake mwenyewe. Mie nna ng'ombe wawili wa gari na mbwa wa kulindia shamba, tumbili wanamaliza muhogo. Bima italipa bili ya daktari yupi? Tuleteeni daktari kwanza halafu ndo mje na karatasi zenu.

Kilichotusaidia siye Pemba ni chanjo ya mbwa ya bure. Zamani kichaa cha mbwa kilikuwa kikimshika mtu hapa, wallahi usiombe kuona, mtu anaogopa hata kikombe cha maji. Walipokuja kupita kijiji kwa kijiji mbwa wote wanachanjwa mwaka hadi mwaka ndo hali ikatulia. Mie mbwa wangu nampeleka siku ya chanjo kwa kamba, watu wananicheka, kamba yenyewe ya mnazi.

---

Babu_Kizimbani

Huyo wa Kojani kasema kweli na mie niongeze la zamani nyinyi vijana hamlijui. Mnazungumza bima ya ng'ombe Unguja kama kwamba siku zote ng'ombe waliwezekana. Sie tuliofuga miaka ya themanini tunakumbuka ndorobo, maradhi ya ng'ombe yanayoletwa na nzi wa mbung'o. Ng'ombe unamlaza mzima, mwezi mmoja tu ngozi imeshika mbavu, nywele zimesimama, anatoa machozi, kafa. Mbung'o walikuwa Jozani na mapori yote ya kusini. Ng'ombe wa kisasa wa maziwa ukimleta huku ni kumleta kaburini.

Kilichofanyika, wakawafuga mbung'o kule Tanga, madume wakapigwa mionzi wasiweze kuzalisha, wakawa wanamwagwa na ndege juu ya kisiwa kila wiki kuanzia 1994. Zaidi ya milioni 8! Watu walidhani serikali imeingia wazimu, mbung'o wanatuua nyie mnaongeza mbung'o. Majike yakapandwa na madume yasiyo kitu, wasizae. Mbung'o wa mwisho kaonekana 1996, mwaka wa pili yake kisiwa kikatangazwa safi. Huyo Shani wa Dole leo anatoa maziwa kwa sababu ile. Hakuna kampuni ya bima ingekubali kumkatia ng'ombe wa Unguja mwaka 1985, na angekubali angefilisika Ramadhani haijafika.

---

Mwana_wa_Mlandege

Babu hii sikuijua kabisa, nimejifunza kwenye uzi wa paka 🙌

---

Mkatabima_Mstaafu

Ahsante babu. Na historia inafanana: bima za wanyama zilianzia Uswidi 1890, na zilianza na farasi na ng'ombe kwa sababu ndo mali ya mkulima. Mbwa kaja kukatiwa 1924 hukohuko. Marekani wamengoja mpaka 1982, na wa kwanza kukatiwa alikuwa Lassie, yule mbwa wa kwenye tivii. Ndo kusema huyu Zizi_la_Dole yuko pale pale walipoanzia Waswidi na dada yake yuko walipofikia, nyumba moja.

---

dada_wa_tangawizi

Assalam aleikum, mimi ndo dada mwenyewe 🙋🏽‍♀️ kaka yangu kanitumia linki. Ami nimekuona umelaiki ile komenti ya Malindi.

Mzee mstaafu nimeangalia karatasi zangu jana usiku mpaka saa sita. Ni ile ya miezi 12. Kwa hio mkojo umeshafungwa kwenye bima tokea mwezi wa pili, na wao wananipandishia bei karibu mara mbili kwa kitu kinacholipa pungufu ya zamani. Nimekaa na chai yangu nikajiona mjinga. Na kwenye hio 31 ndani mna kodi asilimia 12 pia ya serikali.

Lakini nataka kuwaambia kitu ambacho hesabu haina. Usiku ule nilipompeleka, saa tano kasoro, mvua, nimemfunga kwenye taulo. Kabla hawajamgusa, yule binti wa mapokezi kaniuliza, "ana bima?" Nikasema anayo. Akasema sawa, ingia. Pembeni yangu alikuwa kakaa kijana na mbwa wake, yeye kasema hana. Wakamletea karatasi ya makisio, kaisoma, kaisoma tena, akauliza kwa sauti ndogo "na kama nikimlaza tu moja kwa moja ni ngapi?" Kumlaza maana yake kumchoma sindano afe. Mie nilipata tabu sana na kile kitu. Natoka na risiti yangu yule kijana bado kakaa.

Kwa hio mimi nikilipa 16 nilikuwa nalipa nisiulizwe lile swali. Sasa kwa 31, na mkojo nje, sijui nalipa nini.

---

BintiMkamasini

Dada umeniliza kazini.

---

Ustadhi_Kwahani

Allah akujaalie kheri kwa huruma yako. Huyo kijana nae Allah amsahilishie.

---

Mkatabima_Mstaafu

Mwanangu, si mjinga, wanaandika kwa herufi ndogo makusudi. Fanya hivi. Usiivunje ya zamani kwanza. Wapigie simu uwaulize ukipandisha kile kiasi cha mwanzo kutoka 99 kwenda 250 bei inashuka mpaka wapi, mara nyingi inashuka. Halafu tafuta bei ya ile inayoanza upya kila mwaka kwenye kampuni nyengine, mkojo watauacha nje lakini paka wa miaka minane yanayomngoja mbele ni figo, tezi ya shingo, kisukari, na hayo hayaponi, ni dawa mpaka mwisho, kwa hio ya miezi 12 haitakufaa huko. Ukihama kumbuka mwanzoni kuna siku za kungoja ambazo ugonjwa haulipwi, mara nyingi wiki mbili, kwa hio zipandane usibaki wazi. Na ikiwa bei ni mbaya kote, acha, zile 31 weka kila mwezi kwenye akaunti usioigusa. Kwa mwaka ni 372. Mkojo ukirudi mwakani hazitoshi, miaka mitatu mbele zinaanza kuwa kitu. Jiulize tu una 2,000 za kukopa pahali kwa usiku mmoja? Kama unazo, kibubu. Kama huna, lipa bima.

Na mpe maji mengi na chakula cha majimaji, mkojo wa paka unapenda maji. Hiyo kanambia bwana mifugo wangu bure.

---

dada_wa_tangawizi

Nimeshanunua ile chemchem ya umeme ya maji anakunywa kama mtu alofunga. Ntapiga simu Jumatatu in shaa Allah ntaleta jibu.

---

Zizi_la_Dole

Mie nimepata wazo nimeongea na jirani zangu hapa. Tuko wanane wenye ng'ombe mtaa huu, jumla ng'ombe kumi na nne. Upatu wote tunacheza, upatu wa harusi, upatu wa bati. Kwa nini tusicheze wa zizi? Kila mtu elfu 10 kwa mwezi. Kwa mwaka 120,000 kwa mtu, karibu sawa na ile bima mzee alioipigia hesabu, ila huu akiumwa unatibu vilevile si lazima afe. Na Ustadhi naona atafurahi.

---

Ustadhi_Kwahani

Hio ndo takaful yenyewe kijana, haihitaji jengo la vioo.

---

Mkatabima_Mstaafu

Wazo zuri ila nikupe ubaya wake mapema. Wanane mara elfu 10 mara 12 ni 960,000. Shani peke yake ni milioni mbili na nusu. Akifa mmoja mwaka wa kwanza mfuko haufiki hata nusu. Na nyinyi mko mtaa mmoja, majani mamoja, kupe hao hao. Ndigana kali, ile homa ya kupe, ikiingia haichukui mmoja, inachukua wanne kwa wiki moja, na siku hio ndo mfuko unakufa na urafiki unakufa. Kampuni kubwa inachukua ng'ombe wa Dole na wa Makunduchi na wa Wete, wakiumwa huku kule wazima. Nyinyi hamuwezi hilo. Kwa hio mfuko wenu uwe wa dawa, si wa kulipa ng'ombe aliekufa. Nunueni bomba la kupulizia dawa ya kupe la pamoja, chupa mbili za ile chokaa zikae kwa mtu mwenye kivuli. Na kwa pesa zao za pembeni, wenye ng'ombe wa bei wajikatie bima ya kifo kwa hereni.

Nani atashika pesa?

---

Zizi_la_Dole

Hapo ndo pana ugomvi 😅

---

Mama_Maziwa_Fuoni

Mpeni mwanamke. Na aandike kwenye daftari, si kichwani.

---

Zizi_la_Dole

Mrejesho. Tulikaa jana baada ya alasiri chini ya mwembe wa kwa Bi Mkubwa. Kati ya wanane wamekuja sita, mmoja kasema hana imani na mifuko toka upatu wa 2019 ulipokimbiwa na mshika pesa, sikuweza kumlaumu. Mmoja alitaka punda wake aingizwe, tumebishana mpaka magharibi, amekubaliwa kwa elfu tano. Pesa kashika Bi Mkubwa, daftari jekundu. Tumeanza na elfu 65 tumekwenda Darajani tumenunua dawa ya kupe, bomba bado tunaazima kwa mtu wa mikarafuu na lina harufu ya dawa nyengine, tumeliosha mara tatu.

Bima ya hereni kwa Shani bado nauliza bei. Nimepewa fomu kurasa kumi na moja. Safari hii nasoma.

---

dada_wa_tangawizi

Na mie mrejesho. Nimepandisha kile cha mwanzo hadi 250 wamenishushia kutoka 31 hadi 22. Nimebaki kwa mwaka mmoja na huku naweka 15 pembeni. Tangawizi kakojoa vizuri leo mara tatu, nahesabu.

---

yakhe_wa_Kojani

Dada mtu mzima anahesabu mikojo ya paka. Haya. Mwenye uzi hayo maziwa ya Shani lita moja mwauza vipi, nna mgeni anakuja Unguja Alkhamisi anasema ya pakiti hanywi.

---

Zizi_la_Dole

Lita elfu mbili na mia tano, aje na chupa yake. Ila asubuhi mapema, ikifika saa tatu ndama kashamaliza.